Uganga wa Kuchungulia Katika Michezo ya Kuigiza ya Njozi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Misingi

Ukurasa huu unafuata kanuni zipi, na majina ya uganga yanalingana vipi na ya kitabuni?

Namba zote hapa ni za mchezo wa kuigiza wa mezani uitwao Dungeons & Dragons toleo la tano, kanuni za mwaka 2014. Michezo mingine ina namba zake, lakini mbinu nyingi zinahamishika bila shida.

Kwa majina: Ramli ni Scrying, Kuona Mbali ni Clairvoyance, Jicho Tembezi ni Arcane Eye, Mnyama Msaidizi ni Find Familiar, Kengele ni Alarm, Mdomo wa Uchawi ni Magic Mouth, Kutafuta Kitu ni Locate Object. Upande wa kujikinga, Kago ni Nondetection na Zindiko la Faragha ni Private Sanctum. "Kihisi" ni ile nukta isiyoonekana ambayo macho au masikio yako yanahamia wakati mwili umebaki ulipo.

Nina nafasi chache za uganga (idadi ya uganga ninaoweza kutamka kabla ya kupumzika). Nianze na upi?

Andika kwanza swali unalotaka kujibiwa, kwa sentensi moja. "Kuna nini nyuma ya mlango huu?" ni kazi ya Kuona Mbali, au hata ya Mnyama Msaidizi. "Ngome imepangwaje?" ni ya Jicho Tembezi. "Kuna mtu amepita hapa?" ni ya Kengele, ambayo ukiifanya kwa njia ya ibada (kuitamka polepole, kwa dakika 10 zaidi) haili nafasi yoyote. "Fulani anafanya nini sasa hivi, popote alipo?" ndilo swali la Ramli, na ndilo ghali kuliko yote. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, usitamke chochote. Utapata picha nzuri isiyokusaidia.

Ramli inafanyaje kazi hasa?

Ni uganga wa daraja la 5. Kuitamka kunachukua dakika 10, kisha unachungulia kwa muda usiozidi dakika 10 nyingine, na wakati wote huo umakini wako (akili inayoshikilia uganga mmoja tu kwa wakati) usikatike. Unahitaji chombo chenye thamani ya vipande 1,000 vya dhahabu au zaidi: tufe la kioo, kioo cha fedha, au beseni la maji matakatifu. Chombo hakiliwi na uganga, kwa hiyo unakinunua mara moja tu.

Mlengwa anarusha dadu ya pande 20 kujinusuru kwa Hekima, yaani anajumlisha nyongeza yake ili afikie kiwango cha ugumu cha uganga wako. Akishindwa, kihisi kinatokea ndani ya futi 10 kutoka alipo na kumfuata anakokwenda. Unaona na kusikia kana kwamba uko pale. Akifaulu, hupati kitu, na huwezi kumjaribu tena kwa Ramli kwa saa 24. Badala ya kiumbe unaweza kulenga mahali ulipowahi kupaona. Hapo hakuna wa kujinusuru, ila kihisi hakisogei.

Kwa nini Ramli yangu inashindwa kila mara?

Mara nyingi ni kwa sababu umemlenga mtu uliyemsikia tu. Ujuzi wako juu ya mlengwa unabadilisha dadu yake: ukiwa umemsikia tu anapata +5, ukiwa umekutana naye ni 0, ukimjua vizuri anapata -5. Juu ya hapo kuna kiungo ulichonacho mkononi: picha yake ni -2, nguo au mali yake ni -4, unywele au kipande cha ukucha ni -10.

Chukua jenerali mwenye +4 ya kujinusuru, dhidi ya kiwango cha ugumu 16, ambacho mchawi wa ngazi ya 9 anakifikia akiwa na +4 ya uwezo wake mkuu. Kama umemsikia tu na huna kitu chake, anahitaji 7 kwenye dadu, yaani atakuponyoka mara 70 kati ya 100. Ukiwa umekutana naye na una skafu yake, anahitaji 16, na nafasi yake inashuka hadi 25 kati ya 100. Ukiwa umekutana naye na una unywele wake, hata akirusha 20 anaishia 14. Katika kujinusuru, 20 ya dadu haimpi ushindi wa bure, kwa hiyo amenaswa.

Somo la vitendo: tuma mwizi wa kikundi akaibe kitana kabla ya kutuma uganga. Kazi ya usiku mmoja kwenye chumba cha kunyolea inazidi vikao vitatu vya kubahatisha.

## Matumizi ya ubunifu

Kila nikimchungulia adui namkuta anakula au amelala. Nafanya kosa gani?

Unachungulia siku ya kawaida. Hata adui mkubwa anatumia sehemu kubwa ya siku akifanya mambo yasiyo na maana kwako, na wewe una dakika 10 tu. Chokoza kwanza, kisha chungulia. Sababisha tukio ambalo litamlazimisha aende kwenye siri yake au aitaje kwa mdomo, na kihisi kiwe tayari kimefika.

Mfano: mnashuku kwamba gavana ameficha mkataba na majini, lakini hamjui wapi. Mwandikieni barua isiyo na jina: "Nakala ya mkataba wako imeonekana sokoni." Atakayepata barua hiyo atakimbia kuhakikisha kama ya kwake ipo. Huhitaji kujua kabati liko wapi, atakuonyesha mwenyewe.

Saa ndiyo inayowaangusha wengi. Kutamka ni dakika 10, kwa hiyo ukianza barua inapokabidhiwa, gavana atakuwa ameshafungua kabati, ameshapumua, amerudi kitini. Anza dakika 9 kabla. Panga na mpeleka barua alama ya wakati isiyotegemea uganga, kama mlio wa kengele ya hekalu au kubadilishana kwa walinzi. Kumbuka pia kwamba unapotamka uganga mrefu namna hii, umakini unahesabiwa tangu mwanzo: kofi moja lenye madhara dakika ya 8 linaweza kukurudisha sifuri.

Vichokozi vingine vinavyofanya kazi: moto mdogo karibu na ghala (watu huokoa kwanza kilicho cha thamani), uvumi kwamba mshirika wake amekamatwa, au kumrudishia kwa heshima kitu alichodhani hakijaibwa.

Lazima nimlenge mkubwa mwenyewe?

Hapana, na mara nyingi usimlenge. Mkubwa ana Hekima, ana hirizi, ana mchawi wa kukodi. Mpishi wake, mtunza farasi wake na karani wake hawana, na wote wanasimama ndani ya futi chache kutoka kwake kwa saa nyingi za siku. Kihisi kinamfuata mpishi, lakini masikio yako yanasikia meza nzima.

Wanyama ni bora zaidi. Ramli inalenga kiumbe, na farasi ni kiumbe. Farasi wa kawaida ana +0 ya Hekima. Mkiwa mmewahi kumwona na mna nywele za shingo yake, hawezi kujinusuru kwa hesabu ile ile ya hapo juu. Mbinu ya subira ni kumzawadia adui mbwa au paka mzuri huku mmebakiza manyoya yake kwenye kibweta. Zawadi nzuri haikaguliwi sana.

Mwenzetu anaweza kuwa kihisi kinachotembea?

Ndiyo. Kanuni zinasema wazi kwamba mlengwa anayejua unamtamkia Ramli anaweza kukubali kushindwa kwa hiari. Basi mpelekeni mwenzenu karamuni kama mgeni wa heshima, na mchawi akae nje ya mji, au hata nchi nyingine, mradi wote wako katika ulimwengu mmoja. Mchawi anaona kilicho nyuma ya mgongo wa mwenzake.

Udhaifu ni mmoja: habari zinakwenda upande mmoja tu. Mchawi anaona mtu akichomoa kisu na hawezi kupiga kelele. Andaeni njia ya kurudisha ujumbe, kwa mfano uganga wa kutuma maneno kwa mbali, ambao hauhitaji umakini na hivyo hauikatizi Ramli.

Mnyama Msaidizi anafaa kwa lipi zaidi ya kuruka juu ya paa?

Anafaa kupita ukuta. Ukishamwondoa kwa muda, unaweza kwa kitendo kimoja (kila zamu una kimoja) kumrudisha popote penye nafasi ndani ya futi 30 kutoka kwako, na kanuni hazisemi kwamba lazima uione nafasi hiyo. Simama nje ya chumba kilichofungwa, mrudishe buibui ndani, angalia kwa macho yake, mwondoe tena. Mlango haukuguswa.

Mna mawasiliano ya mawazo hadi futi 100. Kutumia macho yake kunakula kitendo chako, na kunakufanya kipofu na kiziwi kwa mazingira yako mpaka zamu yako inayofuata, kwa hiyo awepo mtu wa kukushika mkono. Kama swali ni jepesi ("wako wangapi?"), mwache akueleze tu kwa mawazo. Popo anatambua vitu kwa mwangwi hadi futi 60, ndiye wa kumtuma kwenye giza totoro. Akiuawa, kumrudisha ni saa nzima ya kutamka na makaa, ubani na mimea ya vipande 10 vya dhahabu.

Jicho Tembezi linaweza kuchora ramani ya ngome nzima?

Karibu nzima, mradi milango iko wazi. Jicho linadumu saa moja na kusogea futi 30 kwa kila kitendo. Zamu moja ni sekunde 6, kwa hiyo upeo ni futi 18,000, zaidi ya maili 3. Halina kikomo cha umbali kutoka kwako. Linaona pande zote, na gizani hadi futi 30, lakini halisikii kitu.

Kinachowakwamisha watu ni vizuizi. Jicho halipiti kitu kigumu, hata kioo cha dirisha, ila tundu la inchi 1 linatosha. Bomba la moshi, mfereji wa maji machafu, tundu la panya: hizo ndizo njia zako. Tundu la ufunguo mara nyingi ni dogo kuliko inchi, kwa hiyo muulize mwendesha mchezo kabla hujapoteza nafasi ya daraja la 4. Kikundi chenye akili hutoboa ukuta wa nje kwa keekee siku moja kabla.

Anza na njia za kutokea kabla ya vyumba vya hazina. Ukikatwa umakini katikati, bado mnajua pa kukimbilia.

Kuona Mbali kunatofautiana vipi na hayo?

Hakulengi kiumbe, kwa hiyo hakuna anayejinusuru. Kihisi kinawekwa ndani ya maili 1, mahali unapopajua au mahali palipo wazi kwa akili, kama "upande wa pili wa mlango ule". Kutamka ni dakika 10, kudumu ni dakika 10, na unachagua kuona au kusikia. Kubadilisha kunakula kitendo.

Kwa vikao vya siri ndiyo chaguo la kwanza. Ingia ukumbini mchana kama mfanyabiashara, paangalie vizuri, kisha usiku kodi chumba kilicho ndani ya maili hiyo na usikilize. Anza na sikio. Watu hutajana majina wanaposalimiana, na hapo ndipo unapohitaji kusikia. Macho yatakuja baadaye kuhesabu vichwa.

Kengele si ya kulinda kambi tu?

Ni kifaa cha upelelezi ambacho wengi wanakidharau. Inadumu saa 8, inafunika mlango, dirisha au eneo lisilozidi mchemraba wa futi 20, na mlio wake unaweza kuwa wa kimya, akilini mwako tu, mradi uko ndani ya maili 1. Haihitaji umakini. Kwa ibada kila moja ni dakika 11, kwa hiyo kwenye chini ya saa moja umeshafunika milango 4 ya nyumba ya mshukiwa.

Unachagua viumbe ambao hawataigusa. Wataje wakazi wote wa nyumba, na italia kwa mgeni peke yake. Haikuambii ni nani, wala kama anaingia au anatoka. Ukitaka kutenganisha, ongeza Mdomo wa Uchawi uliofichwa kwenye jiwe la jirani: kichochezi chake ni cha kuona au kusikia ndani ya futi 30 ("mtu mwenye joho jekundu"), ujumbe wake usizidi maneno 25, na unadumu mpaka uteguliwe. Gharama ni unga wa jade, jiwe la thamani la kijani, wa vipande 10 vya dhahabu.

Tunawezaje kumfuatilia mwizi bila kumwona?

Mwache aibe kitu mnachokijua. Kutafuta Kitu kunakuonyesha mwelekeo wa kitu ulichowahi kukiona kwa karibu, ndani ya futi 30, mradi sasa kiko ndani ya futi 1,000. Hakukuambii umbali. Simama, weka alama ya mwelekeo kwenye ramani, tembea hatua 200 upande, weka alama ya pili; mistari inapokutana ndipo kilipo. Una dakika 10, zinatosha kwa vipimo vitatu. Madini ya risasi, hata yakiwa membamba kama karatasi, yanazuia kabisa, kwa hiyo mwizi mzoefu hubeba kibweta kilichotandikwa risasi.

## Kujikinga

Nitajuaje nachunguliwa?

Anayeweza kuona visivyoonekana atakiona kihisi cha Ramli au cha Kuona Mbali kama tufe la mwanga lenye ukubwa wa ngumi. Bila uwezo huo, tegemea dalili: adui anajua jambo lililosemwa chumba kimoja, mara moja. Semeni uongo tofauti katika vyumba vitatu, muone upi unamfikia.

Kago, hirizi au zindiko?

Kago ni cha saa 8, kinakula unga wa almasi wa vipande 25 vya dhahabu kila mara, na kinamfunika kiumbe mmoja, au kitu au mahali pasipozidi futi 10. Kinafaa kwa mtu mmoja mwenye siri siku moja. Hirizi ya kuzuia ramli inafanya kazi hiyo hiyo bila gharama ya kila siku, ila inaweza kuibwa. Zindiko la Faragha linafunika hadi mchemraba wa futi 100 kwa saa 24, linaweza kuzuia sauti, macho, vihisi na hata watu wa kuhamia ndani ghafla. Likitamkwa mahali pale pale kila siku kwa mwaka mzima, linakuwa la kudumu. Majumba ya kale yamejaa mazindiko ya aina hii, na mwendesha mchezo ana haki ya kuyaweka.

Nikikuta hakuna kitu, nimepoteza nafasi bure?

Si lazima. Ukiweza kuchungulia vyumba 11 vya jumba na cha 12 kikakataa kabisa, umeambiwa siri iko wapi. Zindiko linaficha kilichomo lakini halijifichi lenyewe. Ndiyo maana adui mwerevu huzindika vyumba vitatu, viwili vikiwa vitupu.

Nimekiona kihisi. Nikivunje?

Unaweza. Uganga wa kutegua uchawi kwa daraja la 3 unaondoa Kuona Mbali papo hapo. Kwa Jicho Tembezi unahitaji kurusha dadu na kufikia 14, kwa Ramli 15. Lakini kuvunja kunamwambia adui kwamba umejua. Kwa kawaida ni bora kukiacha dakika zake 10 ziishe mkimchezea tamthilia: ramani ya uongo mezani, ugomvi wa kuigiza, tarehe isiyo ya kweli. Uwekezaji wake wa daraja la 5 unakuwa mali yenu.

## Kwa mwendesha mchezo

Wachezaji wanabomoa mafumbo yangu yote kwa Ramli. Nizuie?

Usizuie kila mahali. Ngome yenye kinga kila kona inamwadhibu mchezaji kwa chaguo lake. Andika matukio badala ya siri: nani atakutana na nani, saa ngapi, atasema nini. Ramli itawapa kipande, na kipande kinazaa swali. Kinga ziwekwe kwa watu wenye sababu na fedha za kuwa nazo.

Mchezaji mmoja anachungulia nusu saa huku wengine wakisubiri.

Kila tukio la kuchungulia lipe picha tatu tu: kinachoonekana, kinachosikika, na kitu kimoja kisicho cha kawaida. Kisha rudi kwa kikundi. Au wagawie wengine kwa muda majukumu ya wale wanaochunguliwa, na sentensi mbili mbili za kusema. Watu hupenda kuwa waovu kwa dakika tano.

Mchezaji anaruhusiwa kumchungulia mhusika wa mwenzake?

Kanuni hazimkatazi. Kubalianeni kabla ya kampeni kuanza, na chumba cha kulala na bafu vifungiwe pazia bila mjadala.

## Hali za pembeni

Naweza kutuma uganga kupitia kihisi?

Hapana, isipokuwa uganga wenyewe useme hivyo. Kihisi kinahamisha hisia zako, wewe umebaki ulipo.

Na kuchungulia kisha kuvamia kwa Safari ya Ghafla?

Katika toleo la tatu la mwaka 2000 mbinu hii ilikuja mapema: kwa mchawi wa vitabu, Ramli ilikuwa daraja la 4 na Safari ya Ghafla, Teleport, daraja la 5. Sasa ni la 5 na la 7. Kanuni za sasa zinasema mahali ulipopaona mara moja, hata kwa uganga, ni pa kubahatisha: unafika sawasawa ukirusha 74 hadi 100 kwenye dadu ya asilimia, na 01 hadi 43 ni ajali. Palipoonekana zaidi ya mara moja panahitaji 54 na kuendelea. Kwa hiyo chungulieni mara mbili, au ibeni kitu kilichotoka pale ndani ya miezi 6, kinachowafikisha bila kurusha dadu. Wapo wanaodai kwamba mahali unapopaona kupitia kihisi wakati wa kutamka ni "unapopaona sasa" na panahesabika kama unapopajua sana. Maneno ya kanuni yanaacha mlango; amueni mezani kabla ya siku ya uvamizi.

Wanaongea lugha nisiyoijua.

Tamkeni kwanza uganga wa kuelewa lugha. Unadumu saa moja, hauhitaji umakini, na unaweza kufanywa kwa ibada, kwa hiyo unaishi pamoja na Ramli. Kwa maandishi hauwezi, kwa sababu lazima uguse ukurasa. Nakili herufi kama zilivyo, msome baadaye.

Je, kihisi kinaona gizani, au kinagundua kiinimacho?

Ramli na Kuona Mbali vinaona kama wewe ungeona: kama macho yako yanapenya giza, kihisi kinapenya. Kiinimacho kinakudanganya vile vile. Jicho Tembezi lina macho yake, yale ya futi 30 gizani.

Mlengwa amekufa au yuko ulimwengu mwingine.

Aliye ulimwengu mwingine hafikiwi, na nafasi ya uganga imekwenda. Maiti si kiumbe tena, kwa hiyo Ramli ya kumlenga mtu haina pa kushika. Lenga mahali alipoonekana mara ya mwisho kama uliwahi kupaona, au mtafute farasi wake.